Usiku Ndio Kipimo: Kuchagua Malazi ya Likizo Yanayopumzisha Kweli

Likizo ni haki kabla haijawa starehe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 28 mfululizo kwa mwaka, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa siku za kazi zisizopungua 21. Watunga sheria wametoa siku. Hawakuweza kutoa pumziko. Ndiyo maana si ajabu kumwona muuguzi, mwalimu au karani akirejea kazini na picha nzuri za bahari, huku macho yake ni mekundu na kichwa ni kizito kuliko siku aliyoondoka.

Akiulizwa sababu, atataja uchovu wa basi, gharama na watoto. Ni nadra ataje chumba alicholala. Hata hivyo, theluthi ya kila siku ya likizo hupita katika chumba hicho, na ndiyo theluthi ambayo mwili huitumia kujirekebisha. Watu huchagua malazi kwa mandhari, kwa bwawa la kuogelea, kwa sifa walizosikia au kwa punguzo la bei. Mwili hauyahesabu hayo. Unachohesabu ni namna usiku ulivyopita: je, palikuwa kimya, pana giza, pana hewa, pana usalama? Kwa mtu mwenye afya njema, kukosea katika uchaguzi huo ni hasara ya fedha na siku. Kwa mgonjwa, kunaweza kuwa hasara ya maisha.

Usiku wa kwanza ugenini

Karibu kila msafiri anaujua usingizi wa usiku wa kwanza katika nyumba asiyoizoea: mwepesi, wenye kukatika, na wenye kuzinduka kwa mlio mdogo. Wataalamu wa usingizi wamelitambua jambo hili tangu miaka ya 1960. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, Masako Tamaki, Yuka Sasaki na wenzao, walionyesha sehemu ya chanzo chake. Katika usiku wa kwanza wa ugenini, nusu ya kushoto ya ubongo ilipata usingizi mzito hafifu kuliko nusu ya kulia, na ilishtuka upesi zaidi iliposikia sauti. Ni kama ubongo umeweka mlinzi mlangoni. Washiriki waliporudi kulala mahali pale pale siku nyingine, tofauti hiyo ilipungua.

Funzo lake ni jepesi. Familia yenye siku sita ikilala Tanga, kisha Pangani, kisha Bagamoyo, kisha Dar es Salaam, inajinunulia usiku wa kwanza mara nne. Ikikaa mahali pamoja, au hata mahali pawili, mlinzi yule hupata nafasi ya kuketi. Aidha, vitu vya nyumbani humsaidia kutulia: mto uliozoeleka, kanga au shuka lenye harufu ya kwao, na saa ile ile ya kulala.

Hasara ya usingizi mbovu haiishii kwenye kupiga miayo. Kwa kawaida shinikizo la damu hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20 likilinganishwa na la mchana. Mteremko huo ndio mapumziko ya moyo na mishipa. Mtu ambaye shinikizo lake halishuki usiku yumo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo na kiharusi. Vilevile, usingizi mfupi hupunguza uwezo wa mwili kuitumia insulini, na mwenye kisukari anaweza kuamka na sukari iliyopanda ilhali hakubadilisha chakula.

Sikio halina kope

Jicho hufumbwa, sikio hubaki wazi usiku kucha. Mtu aliyelala hupokea kelele hata asipoamka: moyo huongeza mapigo, homoni za taharuki humwagika, na usingizi mzito hurudi kuwa mwepesi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulipendekeza kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na mlio mmoja mmoja usizidi 45. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia takriban 60. Hapo mtu anaweza kukisia ni nini kinampata anayelala juu ya baa yenye spika mlangoni.

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, nyumba ya kulala wageni na baa ni biashara moja chini ya paa moja. Nyingine zimepakana na ukumbi wa harusi, na nyingine zipo jirani na stendi ambako mabasi huanza kuunguruma saa kumi alfajiri. Jenereta lililo chini ya dirisha huleta kelele na moshi kwa pamoja. Adhana ya alfajiri au mkesha wa kanisa ni sehemu ya uhai wa mji, na wenyeji wamevizoea. Mgeni mwenye usingizi mwepesi aombe tu chumba kisichoelekea vipaza sauti.

Bei si kipimo cha ukimya. Hosteli za mashirika ya dini, ambazo aghalabu hazina baa na hufunga lango mapema, huwapa wageni wengi usiku mtulivu kuliko hoteli ya ufukweni yenye muziki hadi usiku wa manane. Wala hakuna pumziko katika malazi yaliyolipiwa kwa mkopo, kwa maana deni nalo humwamsha mtu saa nane za usiku.

Joto, baridi na hewa

Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili hupaswa kushuka kidogo. Januari na Februari, Dar es Salaam na pwani yake huwa na usiku wenye joto la karibu nyuzi 25 pamoja na unyevu mwingi, na chumba chenye paa la bati na dirisha moja huwa na joto zaidi ya hapo. Chumba bora cha pwani ni kile chenye madirisha yanayotazamana ili upepo upite, kikiwa na nyavu nzima madirishani na feni inayofanya kazi. Kiyoyozi husaidia, lakini kisichosafishwa hupuliza vumbi na kuvu.

Wajenzi wa zamani wa Lamu na Unguja walilijua tatizo hili. Nyumba zao za mawe ya matumbawe zina kuta nene zinazochelewesha joto la mchana, dari za juu, na ua wa ndani unaovuta hewa. Upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, hivyo vyumba vikawa vyembamba na virefu. Leo nyumba nyingi kati ya hizo hupokea wageni, na wengi hulala vizuri ndani yake. Lakini zina ngazi za mwinuko mkali, zenye vidato virefu na mwanga hafifu, na chumba chenye upepo mwingi zaidi ndicho kilichoko juu kabisa. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, anayeamka usiku mara mbili au tatu kwenda haja ndogo, ngazi hizo ni njia fupi ya kufikia mfupa wa nyonga uliovunjika. Yeye achukue chumba cha chini chenye choo ndani, na upepo wa juu aufuate mchana akisindikizwa.

Milimani hali hugeuka. Mji wa Lushoto katika milima ya Usambara, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmsthal, uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wa pwani huufuata kwa ubaridi wake, na wengi husahau kwamba usiku wa Juni na Julai unahitaji blanketi zaidi ya moja. Hapo ndipo hatari kubwa kuliko zote zinazozungumzwa katika makala haya huingia chumbani: jiko la mkaa.

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hung'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hivyo kuinyima viungo hewa. Jiko lisilotoa moshi si jiko salama. Makaa mekundu yaliyokwisha kutulia bado yanatoa gesi. Aliyelala haoni dalili, na wengi huondoka usingizini. Kwa hiyo jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata dirisha likiachwa wazi kidogo. Baridi ikizidi, kuna blanketi, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa kitambaa. Uangalifu huo huo wafaa kwa bafu zenye hita ya gesi zisizo na tundu la hewa.

Wahudumu wa afya nao wana la kukumbuka. Wageni wawili au watatu wa chumba kimoja wakifika asubuhi wakiumwa kichwa, wakiwa na kizunguzungu na kichefuchefu bila homa, wasidhaniwe tu kuwa wamekula chakula kibovu. Waulizwe walipashaje chumba joto. Kipimo cha kidoleni cha oksijeni kisiwatulize watu, kwa sababu vipimo vya kawaida haviwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyokamatwa na kaboni monoksaidi; huweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu anayeelekea kufa. Mgonjwa atolewe kwenye hewa safi, apewe oksijeni nyingi mara moja, na walioachwa chumbani wafuatwe.

Kila maradhi na chumba chake

Mwenye kisukari anayetumia insulini aulize kwanza habari za jokofu na umeme. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Aina nyingi zikishafunguliwa huweza kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki nne, mradi joto lisivuke nyuzi 30 na jua lisiifikie. Karatasi iliyomo ndani ya boksi hueleza muda wa kila aina. Majokofu madogo ya hotelini huweza kugandisha kilichowekwa karibu na sehemu ya barafu, na insulini iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Pasipo na umeme, mtungi wa udongo uliowekwa ndani ya chungu kikubwa, na mchanga mbichi katikati, hupoza kwa njia ya maji yanayogeuka mvuke. Njia hii hufaa zaidi maeneo makavu kama Dodoma kuliko pwani yenye unyevu.

Mwenye pumu aingie chumbani kabla ya kulipa, avute pumzi, na atazame pembe za kuta na nyuma ya pazia. Harufu ya uvundo na madoa meusi ni dalili za kuvu. Aombe chumba kisichopuliziwa marashi, na badala ya dawa ya mbu ya kuchoma, ambayo moshi wake husumbua njia za hewa, atumie chandarua. Dawa yake ya kuvuta ikae karibu na mto, isiwe ndani ya begi lililofungwa.

Mgonjwa wa selimundu ana maadui watatu ugenini: baridi, ukosefu wa maji mwilini na uchovu. Malazi yake yawe na maji ya kuoga ya moto, maji salama ya kunywa, na blanketi za kutosha. Bwawa lenye maji baridi sana huweza kuamsha maumivu makali, na safari za kupanda miinuko mikubwa zisipangwe bila ushauri wa daktari wake.

Mwenye shinikizo la juu la damu anayetumia dawa za kuongeza mkojo huweza kuishiwa maji upesi katika joto la pwani, akapata kizunguzungu na kuanguka. Asizikatishe dawa kwa sababu yuko likizoni. Azungumze na kliniki kabla ya safari. Chumba chenye choo ndani, na taa inayofikiwa kutoka kitandani, ni kinga kwake.

Malaria nayo haijachukua likizo. Mbu aina ya Anofelesi huuma zaidi usiku. Anayetoka Lushoto, Arusha au Mbulu kwenda pwani au kandokando ya Ziwa Viktoria, na pia ndugu anayerudi kutoka Muscat, London au Toronto baada ya miaka kadhaa, huwa na kinga hafifu ya mwili kuliko wenyeji wake. Mara nyingi yeye ndiye hudhani kwamba, kwa kuwa alizaliwa huku, hana la kuhofia. Chandarua cha chumba kitandazwe na kukaguliwa mchana, kwa kuwa tundu halionekani gizani, na ncha zake zichomekwe chini ya godoro. Mtoto au mjamzito akipata homa, apimwe ndani ya saa 24.

Hatimaye, kila mwenye maradhi ya kudumu ajue umbali. Kisiwa kidogo ambacho boti yake ya mwisho huondoka saa kumi jioni ni mahali pazuri pa kutalii mchana. Kwa mjamzito wa miezi minane au mtu aliyetoka hospitalini wiki iliyopita, si mahali pa kulala.

Mhudumu wa afya anapokwenda kwao

Kwa wengi, malazi ya likizo ni nyumba ya wazazi, na hakuna hoteli inayoweza kushindana na chakula cha mama. Lakini kwa daktari, muuguzi au mkunga, nyumba hiyo huwa na jambo lake. Siku ya pili, kabla hajamaliza chai, jirani yuko barazani na bahasha ya majibu ya vipimo. "Shikamoo" haijaitikiwa vizuri, shangazi ameshanyoosha mguu: "Hebu nitazamie, mwanangu." Kufikia mwisho wa wiki ameona wagonjwa wengi kuliko zamu moja ya kazini, bila vifaa, bila faili na bila mipaka.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliujumuisha uchovu wa kupindukia utokanao na kazi katika orodha yake ya kimataifa, si kama ugonjwa, bali kama hali inayoletwa na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Watafiti Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walieleza mwaka 2007 kwamba kujirudishia nguvu kunahitaji mambo manne: kuiondoa akili kazini, kutulia, kujifunza jambo jipya, na kuwa na mamlaka juu ya muda wako. Baraza iliyojaa wagonjwa humnyang'anya mhudumu la kwanza na la mwisho.

Kuwakataa jamaa si utu, na wengi hawawezi. Njia ya kati ipo. Wazee wa nyumbani waombwe mapema watangaze asubuhi moja au mbili ambazo "daktari" atawasikiliza watu. Siku nyingine mama ndiye atakayejibu mlangoni, na mama husikilizwa. Mwenye uwezo anaweza kulala siku tatu za mwanzo katika nyumba ya wageni tulivu njiani, kisha ndipo afike kwao akiwa na nguvu za kuwahudumia watu. Na kabla ya kuondoka kazini, amkabidhi mwenzake majukumu kwa jina, kisha azime sauti ya kundi la simu la wodi. Likizo yenye simu inayolia kila saa ni zamu iliyohamishwa.

Aliyetoka katika zamu za usiku ana hitaji la ziada. Mwili wake utachukua siku kadhaa kurudi katika saa za kawaida. Amweleze mwenye nyumba asigongewe saa tatu asubuhi ili chumba kifagiliwe, na achague chumba chenye mapazia mazito, kwa sababu mwanga huzuia homoni ya usingizi, melatonini.

Maswali kabla ya kulipa

Simu ya dakika tano huokoa siku tano. Anayepiga simu aulize:

- Je, kuna baa, ukumbi, jenereta au stendi karibu? Chumba kilicho mbali navyo ni kipi?
- Madirisha ni mangapi, na yana nyavu? Je, chandarua ni kizima?
- Umeme ukikatika, feni na jokofu hufanyaje?
- Choo kiko ndani ya chumba? Kuna ngazi ngapi?
- Chumba hupashwaje joto wakati wa baridi?
- Hospitali au kituo cha afya cha karibu kiko wapi, na usiku usafiri hupatikana vipi?

Mwenye malazi anayejibu kwa uvumilivu ameshaonyesha sehemu ya huduma yake. Anayekasirika naye ameshajibu. Panapowezekana, ni busara kulipia usiku mmoja kwanza, kisha kuongeza baada ya kuamka.

Katika kliniki za kisukari, shinikizo la damu, pumu, selimundu na wajawazito, mgonjwa anayesema anasafiri huulizwa kama ana dawa za kutosha. Swali hilo ni jema na liendelee. Liongezewe la pili, ambalo halihitaji kifaa wala fedha, na ambalo muuguzi anaweza kuliuliza akiwa anaandika tarehe ya kurudi: "Utalala wapi?" Jibu likiwa "chumba cha juu ghorofani", "kisiwani" au "kwa ndugu, wanatuwekea jiko", mazungumzo ya dakika mbili yatakayofuata yanaweza kuwa na faida kuliko ushauri mwingine wote wa siku hiyo.